Sinia Nne na Mkia Mmoja

Gari langu ni Probox. Kwa msomaji wa mbali ambaye hajawahi kubanwa kwenye kiti chake cha nyuma, hili ni gari la mizigo ambalo Toyota walilitoa mwaka 2002, na aliyelichora alikuwa na rula, penseli na haraka ya kwenda nyumbani. Mbele ni wima, ubavuni ni wima, na nyuma limekatwa wima pale ambapo magari mengine huteremka kwa adabu. Huku Kitale tunalipenda kwa sababu hizohizo. Gunia la mahindi la kilo 90 halitafuti urembo. Linatafuta sakafu bapa na pembe nne.

Nililipenda bila masharti hadi Oktoba 2023. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta, na mwezi huo lita moja ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36. Kitale si Nairobi. Petroli yetu husafiri kwa bomba kutoka Mombasa hadi Eldoret, kisha hupanda lori, na kila hatua ina nauli yake. Isitoshe, tangu Julai mwaka huo ushuru wa VAT kwenye mafuta ulikuwa umepanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Sasa mimi hufundisha sekondari hapa Kitale, na mama yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kati yetu kuna kama kilomita 80 za lami: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu, Webuye, kisha unakata kulia kushika barabara ya Malaba. Hakuna mwana wa Kibukusu anayeweza kumwambia mama mzazi kwamba wataonana bei ikishuka. Serikali siiwezi, mama simwezi. Nikabaki na adui mmoja asiye na wakili wala msemaji: upepo.

Aliyenitambulisha kwa adui huyo ni mwenzangu wa fizikia, ambaye hana gari na kwa hiyo anajua kila kitu kuhusu magari. Alishika chaki akanifafanulia kwamba nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, mwendo umeongezeka mara mbili lakini hewa inakuzuia mara nne. Ukishuka kutoka 100 hadi 80, umeupunguza upinzani huo kwa zaidi ya theluthi bila kununua hata msumari mmoja. Hili la mwisho halikuwa na kazi ya bisibisi ndani yake, kwa hiyo hatukulijadili sana.

Tulijadili zaidi habari za Edwin Saltzman, mhandisi wa NASA, ambaye miaka ya 1970 alikuwa akienda kazini kwa baiskeli katika jangwa la California. Kila lori lilipompita alihisi kwanza akisukumwa kuelekea kichakani, halafu akivutwa kurudi barabarani. Mtu mwingine angebadilisha njia. Yeye na wenzake walichukua gari la Ford, wakalivika mabati ya alumini mpaka likawa sanduku kamili, wakapima, kisha wakaanza kuviringa kona zake. Kona zilipoviringwa, upinzani wa hewa ulishuka kwa zaidi ya nusu.

Habari hiyo iliniuma kizalendo. Kila mwendesha baiskeli kati ya Webuye na Malaba amesukumwa na kuvutwa na malori ya Uganda tangu utotoni, tena akiwa amebeba kreti za soda au nguruwe wa mnada, na hakuna aliyewahi kumlipa mshahara wa utafiti.

"Tena nyinyi wa Kitale mmependelewa," mwenzangu aliongeza. Mji wetu uko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya moja ya kumi. Yaani kabla fundi hajashika nyundo, Mungu alikuwa ameshatupa punguzo. Lililobaki lilikuwa kazi ya binadamu, na binadamu mwenyewe alikuwa na kibanda chake karibu na stendi.

Fundi wangu huchomelea mageti, toroli na vitanda vya mabweni. Imani yake ni moja: kitu kikitikisika, ongeza chuma. Anakumbuka vizuri kwamba mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na kwamba mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani. Kwa maoni yake mradi ule haukufika mbali kwa sababu moja tu, kwamba yeye alikuwa bado yuko shule ya msingi. Nilipomweleza ninachotaka, alilizunguka Probox, akaligonga ubavu kwa kidole, akasema, "Mwalimu, hili linaweza kuwa ndege. Shida itakuwa kulishikilia chini."

Tulianza na keria. Wajuzi wote wa mambo haya wanakubaliana kwamba keria tupu juu ya paa huivuruga hewa safari nzima bila kukulipa kodi, na yangu ilikuwa ya vyuma vya mraba, imechomelewa na fundi huyuhuyu kwa imani yake hiyohiyo. Tuliing'oa asubuhi. Paa likabaki laini, nami nikasimama mbali kulitazama. Mchana mke wangu akatokea mlangoni, nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia la mahindi ya mama.

"Mwalimu, hili litakaa wapi?"

"Ndani."

"Na sisi?"

Nimesoma mengi kuhusu upepo na magari, na katika yote sijaona mahali swali hilo limejibiwa. Fomula ina herufi ya mwendo, ina herufi ya uzito wa hewa, ina herufi ya umbo. Herufi ya mke, watoto wawili na gunia haimo. Inaonekana vitu hivi vilibuniwa na watu wanaosafiri peke yao na mkoba mdogo, wakielekea mahali ambapo hawatarajiwi kuleta chochote.

Baada ya keria zilifuata rimu. Rimu yenye matundu huikoroga hewa inapozunguka, ndiyo maana magari yanayokimbizwa kwenye nyanda za chumvi za Bonneville kule Marekani huzibwa magurudumu kwa sahani bapa za alumini. Rimu zangu ni za inchi 14. Nilihitaji vitu vinne vya alumini, vya mviringo, bapa, vyepesi, vya ukubwa huo au kuzidi kidogo. Vilikuwapo nyumbani kwangu, vimepangwa nyuma ya kabati, vinang'aa.

Zilikuwa sinia za chama cha kina mama ambacho mke wangu ni mweka hazina wake. Ni zile sinia pana za kupakulia ugali na nyama kwenye mazishi na harusi. Chini ya kila moja ziliandikwa herufi za chama kwa rangi ya kucha, maana chombo kikienda mazishini bila alama, hicho nacho kimezikwa. Msimu ulikuwa wa mvua, harusi hazikuwapo, na jirani zetu wote walikuwa na afya njema. Nikaona sinia hizo zimekaa bure. Fundi alizitoboa pembeni, akazifunga kwa waya na skrubu, na Probox likatoka kwenye kibanda chake likiwa na hadhi ambayo Toyota hawakuiwazia. Bawabu wa shule alilipigia saluti kabla hajaona ni nani aliye ndani.

Barabara ya Kitale kwenda Webuye ina tuta penye shule, tuta penye soko, tuta penye kanisa, na tuta mahali ambapo hapo zamani palikuwa na mojawapo ya hivyo. Tuta la kwanza la Kamukuywa lililegeza waya. La pili liliikata sinia ya mbele kushoto, nayo haikuanguka. Ilisimama wima kwenye ukingo wake, ikashika njia, ikatutangulia. Niliikimbilia kwa gari na bado ilikuwa mbele, jambo linalothibitisha kila nilichokuwa nikisema kuhusu sinia na upepo. Vijana wa bodaboda wakainua miguu ikapita. Ikakata kona ambayo mimi ningeikata kwa breki, ikaingia sokoni, ikazunguka mara kadhaa mbele ya mama muuza omena na kulala chini.

Nilipoegesha gari na kufika, omena walikuwa wameshapangwa juu yake kwa mafungu.

"Shikamoo mama. Hiyo sinia ni yangu."

"Marahaba. Ni yako au ni ya kina mama?" Alikuwa ameigeuza na kusoma zamani. "Mke wa ndugu yangu yuko kwenye hiki chama. Wewe ndiye bwana wa mweka hazina?"

Nilinunua omena wote, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuipata sinia ikiwa tupu. Kabla sijafika Misikhu simu ikaita. Mke wangu hakunisalimu.

"Mwalimu, sinia ziko ngapi kabatini?"

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, habari za Kamukuywa zilikuwa zimefika Kitale kabla mimi sijafika popote. Kama kuna kitu kisicho na upinzani wa hewa kabisa katika magharibi ya Kenya, ni hicho, na nashauri NASA wakichunguze.

Sinia zikarudi kabatini, moja ikiwa na harufu, na tukahamia chini ya gari. Huko ndiko hewa hufanya fujo kubwa, kwa sababu tumbo la gari lina bomba la moshi, ekseli, tangi na kila kitu ambacho mchoraji hakutaka kionekane. Dawa yake ni kulifunika kwa kitu laini. Kitu hicho kinapaswa kuwa chepesi, kisichooza na kisichonywa maji, na kaunti yetu ya Trans Nzoia ilikuwa imejaa vitu hivyo tangu uchaguzi wa Agosti 2022. Mgombea mmoja wa uwakilishi wadi, ambaye simtaji kwa sababu bado anatabasamu kwenye nguzo kadhaa, alikuwa amechapisha vibao vya plastiki vingi kuliko kura alizopata. Fundi alivipima uzito mkononi akaridhika. Vilikuwa vyepesi, imara na havikuvuja, sifa ambazo mwenyewe hakuwa amezitaja kwenye kampeni.

Tulivifunga mheshimiwa akiwa ametazama chini, ili upande wake laini ukutane na hewa. Na niseme ukweli wa mambo: kutoka Kitale hadi Misikhu gari lilikuwa tulivu ajabu. Mlio wa barabara ulipungua. Nilihisi, au niliamua kuhisi, kwamba linateleza. Kisha, kabla ya kufika Lugulu, kibao cha mbele kikaachia upande mmoja, kikainama, kikaanza kukwaruza lami kwa sauti iliyowatoa watu madukani.

Nilisimama kando. Kijana wa bodaboda aliinama, akachungulia uvunguni, akaruka. "Jameni! Mheshimiwa amekanyagwa!"

Watu wakakusanyika. Wengine walitaka kujua ni ajali ya lini. Wengine, walipouona uso ule ukiwa umechunika pua lakini tabasamu zima, walitaka kujua kama kampeni za 2027 zimeanza, na kama zimeanza, kilichobebwa ndani ya gari ni unga au ni sukari. Niliwaambia mimi si mgombea.

"Wote huanza hivyo," akasema mzee mmoja, na umati ukakubaliana naye.

Mzee huyo ndiye aliyenisaidia kukata waya. Ujira wake ulikuwa kibao chenyewe, kwani banda lake la kuku lilikuwa linavuja. Nilimwachia na vile vingine. Nina hakika mheshimiwa, popote alipo, atafurahi kusikia kwamba ahadi yake ya makazi bora kwa watu wa chini imetekelezwa, angalau kwa kuku, na katika kaunti ambayo hata hakugombea.

Siku ya kurudi ilinikuta nikiwa bado na silaha moja mbele ya gari. Matundu yaliyo mbele ya rejeta huingiza hewa, na hewa hiyo ikishaingia hugongagonga kila kitu na kulivuta gari nyuma. Magari mengi ya kisasa yana milango midogo inayojifunga yenyewe mwendo ukiwa mkubwa. Langu lilikuwa na kipande cha plaiwudi. Kuteremka kwenda Bungoma kilikuwa kimefanya kazi nzuri sana. Lakini Bungoma iko mita 500 hivi chini ya Kitale, na mtu aliyeteremka lazima apande. Baada ya Webuye tulijikuta nyuma ya trekta lililovuta matela mawili matupu ya miwa, nyuma ya trekta kuna foleni, na katika foleni hiyo hakuna upepo wa kushindana nao. Mshale wa joto ukaanza kupanda kuliko sisi. Nilisimama karibu na nyumba moja nikafungua boneti, na mvuke ukatoka wa kutosha kupikia wali.

Watoto walileta maji kwenye jerikeni. Mama yao aliitazama ile plaiwudi kwa muda.

"Sasa ulimziba pua ukamwambia apande mlima?"

Nilimshukuru kwa maji.

Hapa naomba niweke hesabu sawa, maana kuna walimu wenzangu wanaosambaza uvumi. Kuinua tani moja na robo ya gari, watu na mizigo kwa mita 500 kunahitaji karibu robo tatu ya lita ya petroli, kwa sababu injini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa joto. Ukiteremka, mlima unakurudishia sehemu ya deni hilo. Ndiyo sababu takwimu zangu zote nilizobandika kwenye chumba cha walimu ni za safari za kwenda Bungoma. Za kurudi zina mlima ndani yake, na mimi nilikuwa nachunguza upepo.

Lakini silaha kuu ilikuwa bado. Mwenzangu wa fizikia alikuwa amenieleza kwamba adui mkubwa wa gari lililokatwa wima hayuko mbele, yuko nyuma. Hewa ikifika mwisho wa paa hukosa mahali pa kuteremkia, ikachanika, na nyuma ya mlango kukabaki eneo la hewa hafifu linalolinyonya gari kuelekea lilikotoka. Dawa ni mkia unaosinyaa polepole. Miaka ya 1930 Profesa Wunibald Kamm wa Stuttgart alionyesha kwamba mkia huo hauhitaji kufika nchani: unaweza kuuanza vizuri kisha ukaukata, na faida kubwa ikabaki. Na kuna Mmarekani mmoja aliyeiunganishia Honda Civic ya 1992 mkia mrefu na mapambo mengine ya nyumbani, akadai anapata kama kilomita 40 kwa lita. Fundi aliposikia kilomita 40, alizima mashine ya kuchomelea ili afikirie.

Mkia ulichukua plaiwudi, mabati mapya na, kwa kuwa ulikuwa unatikisika, chuma. Ulitokeza nyuma kwa urefu wa hatua moja ya mtu mzima, ukisinyaa vizuri kama Profesa Kamm alivyotaka. Ulipakwa rangi nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

Kiminini watu walivua kofia. Sikuelewa mara moja. Matatu iliyokuwa ikikaribia iliwasha taa na kupunguza mwendo, mama mmoja akajishika kichwa, na kundi la wanafunzi likaacha kucheka ghafla. Kisha pikipiki tatu zikajipanga mbele yangu, madereva wameshika matawi ya miti, wakanisindikiza kwa honi hadi karibu na Kamukuywa bila kuniuliza marehemu ni nani. Sijawahi kupishwa barabarani kwa heshima kama ile. Hakuna aliyenikatia njia, hakuna aliyenipigia honi ya hasira, na naamini mafuta niliyookoa siku hiyo yalitokana na huzuni ya umma.

Kizuizi cha polisi hakikuwa na huzuni. Afisa alizunguka gari, akarudi dirishani.

"Mzee, hii nyuma ni nini?"

"Ni mkia, afande."

"Wa nini?"

"Wa kupunguza mafuta."

"Mafuta hupunguzwa kwenye tangi." Akaomba kitabu cha gari, akakisoma kwa makini. "Hapa wameandika stesheni wagoni. Wapi wameandika samaki?"

Nilimweleza kuhusu hewa inayochanika. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu ambaye zamu yake ndiyo kwanza imeanza. Kisha akanieleza kuhusu Sheria ya Trafiki, sura ya 403, ambayo inataka mtu akibadilisha gari lake kiasi kwamba halilingani tena na maandishi ya kitabu, msajili aarifiwe. Alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu, na alikuwa nayo kwa maandishi. Tuliafikiana kwamba nikirudi nipite pale bila mkia.

Mama alikuwa amejiandaa. Uani palikuwa na mkungu wa ndizi, viazi vitamu, njugu, mboga za saga zilizofungwa kwa majani ya mgomba, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye alinitazama kwa jicho moja na kunidharau mapema. Mama alilizunguka gari kwa upande uleule alioanzia afisa wa polisi. Alishika mkia. Alitafuta kitasa cha mlango wa nyuma. Kitasa kilikuwa ndani ya mkia.

"Baba, sasa jogoo ataingilia wapi?"

Nikamweleza kuhusu Stuttgart.

"Hao wa huko," akauliza, "mama zao huwapa nini wakienda kuwaona?"

Khocha wangu, ndugu yake mama, alikuwa ameshaleta spana. Mkia ulitoka kwa kelele nyingi, na walipoupindua wote wawili waliona kwa mara moja kitu ambacho mimi na fundi hatukukiona tulipokuwa tukiuchora: ulikuwa kihori. Una mabati ndani, una chuma pembeni, umesinyaa chini ili lishe isimwagike, na haikumchukua ng'ombe wa mama muda mrefu kuuzoea. Nilipoambiwa hakuna ng'ombe mwingine wa kijiji hicho anayekula kutoka kwenye kitu kilichobuniwa kwa nadharia ya profesa wa Ujerumani, nilikubali pongezi.

Safari ya kurudi, gari likiwa halina mkia, halina tumbo, halina sinia, tulikuwa watano: mimi, khocha aliyekuwa na kesi ya shamba Kitale, binti wa jirani aliyekuwa akirudi shuleni na sanduku la bati, na mama wawili waliokuwa wanakwenda kumwona mzazi hospitalini. Jogoo hakuhesabiwa. Hakuna niliyemwitisha nauli, maana gari langu si matatu. Lakini kwetu mtu hapandi gari la mtoto wa watu mikono mitupu. Walichanga. Khocha alikusanya, akahesabu, akanipa kwenye kituo cha petroli mbele ya wote, na tangi likajaa kuliko lilivyowahi kujaa tangu Oktoba.

Hapo ndipo nilipoelewa kasoro iliyo ndani ya hesabu zote za wageni. Nilimpelekea mwenzangu wa fizikia, tukakaa chini. Safari ya Kitale hadi Bungoma hula kama lita sita. Hata ukienda 80 mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo matuta, matrekta na ng'ombe hawajawahi kuliruhusu, kupambana na hewa huchukua chini ya lita mbili kati ya hizo. Ukifanikiwa kuipunguza hewa kwa asilimia 10, kazi ambayo si ndogo, umeokoa chini ya moja ya tano ya lita. Kwa bei ya mwezi ule mchungu hiyo haikufika shilingi 45: chapati mbili, na maharagwe ujitafutie. Tairi zenye presha inayotakiwa na mguu mwepesi vinakupa chapati hizo bila fundi.

Lakini lita sita za mtu mmoja ni lita sita. Lita sita za watu watano ni lita moja na kidogo kwa kila mtu. Uzito wao huongeza ulaji kiasi, hasa mlimani, lakini hakuna sinia, hakuna kibao, hakuna mkia wa Stuttgart unaoweza kugawanya mafuta kwa tano. Wenzetu wanagawanya lita kwa kilomita. Dereva yeyote wa Probox anayefanya kazi kati ya Kanduyi na Chwele, akiwa amewabeba watu ambao hata mchoraji wa Toyota hakuwawekea nafasi, amekuwa akigawanya lita kwa vichwa siku zote, na hakuna aliyemwalika kutoa mhadhara.

Mwenzangu wa fizikia alisema hiyo si fizikia. Nikamwambia ajaribu kuiambia petroli.

Kuhusu zile sinia, chama kiliketi. Shtaka lilisomwa na mweka hazina, ambaye hakujiondoa kwenye kesi licha ya kulala nyumba moja na mshtakiwa. Matundu aliyotoboa fundi yalizibwa kwa gharama yangu, nikapigwa faini, na ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo Probox ndilo litakalobeba vyombo vya chama kwenye mazishi na harusi zote za upande wa Bungoma. Nilipouliza kuhusu mafuta, mwenyekiti alijibu kwamba chama hakina tabia ya kumtuma mtu na tangi tupu.

Keria imerudi juu ya paa, imebeba masufuria. Ndani wako kina mama wanne, kila mmoja na sinia mapajani, akiishika kwa mikono miwili tukikaribia Kamukuywa. Kwa jumla sasa natumia lita sifuri za pesa zangu kwa kila kilomita 100, kwenda na kurudi, mlima ukiwemo. Takwimu hizo nimezibandika kwenye chumba cha walimu, na hadi sasa hakuna aliyezipinga kwa maandishi.